Herufi F na Bonasi ya Chai

Bonasi ya KTDA, shirika la chai, ikishaingia Oktoba, kazi huja kwa mpigo katika vibanda vya uchapishaji vya Kericho na Bomet: kadi za harusi, mabango ya harambee, vijitabu vya mazishi ambavyo familia inavitaka kesho asubuhi. Hapo ndipo kompyuta ya zamani hukwama. Msanifu anapiga simu kwa duka la kompyuta la mtaa wa Luthuli, Nairobi, anaulizwa: “Ni i5 ama Ryzen?” Akijibu hivyo hivyo tu, ameshapotea.

Jina i5, la prosesa za Intel, lipo tangu 2009. Katika kompyuta za mtumba kutoka Uingereza utakuta i5-6500 ya 2015 yenye viini vinne, na i5-8500 ya 2018 yenye sita, kibandiko karibu kilekile. Ya kwanza haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ya pili ningemnunulia bila wasiwasi mtu wa CorelDRAW na kadi, mradi iwe kwenye kasha kubwa. Yale makasha membamba ya ofisini mara nyingi yana pawa saplai ya umbo lake pekee. Ikiungua Litein, utaitafuta hadi uchoke.

Kwa anayenunua mpya bila kujikaza sana, ushindani ni kati ya Core i5-12400 ya Januari 2022 na Ryzen 5 5600G ya 2021. Zote zina viini sita na grafiki ya ndani. Zote zimeandikwa wati 65, ingawa hiyo ya Intel ikibanwa na kazi inaruhusiwa kupanda hadi 117. Grafiki ya Ryzen ina nguvu zaidi, jambo litakalomfurahisha kijana wako mpenda michezo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya Photoshop na Illustrator hubebwa na kiini kimoja au viwili, na kiini cha 12400 kina kasi zaidi. Mimi ningechukua hiyo. Ryzen 5 7600 inazishinda zote mbili, ila inakubali RAM ya DDR5 tu, na kwa kadi za harusi sioni itakavyorudisha gharama yake ya ziada.

Sasa jihadhari na 12400F. Ilipotoka ilikuwa nafuu kwa takriban dola 25, na herufi hiyo maana yake haina grafiki. Kifurushi kikifika kwa matatu, unaunganisha nyaya zote na skrini inabaki nyeusi mpaka ununue kadi ya grafiki ya pembeni. Pia unakosa sehemu ya prosesa inayoharakisha kutoa video, na siku hizi mwenye harusi anataka video.

Kinachobaki mfukoni kiende kwenye RAM. Chukua baneri ya mita 3 kwa 2, nukta 100 kwa kila inchi: hizo ni kama pikseli milioni 93. Katika rangi za CMYK, tabaka moja lililojaa hula karibu megabaiti 370. Tabaka kumi, na RAM ya gigabaiti 8 imeanza kuhema hata kabla hujafungua kivinjari. Nunua 16, na SSD.

Baridi ya Kericho ni zawadi; feni inayokuja na prosesa inatosha. Radi za mchana ndizo adui. Stima ikikatika kijitabu kikiwa ukurasa wa 14, UPS ndogo itakupa dakika za kuhifadhi kazi, na bila kadi ya grafiki dakika hizo huongezeka.

Muuzaji akikuandikia WhatsApp “i5, RAM 8, SSD”, usitume pesa bado. Mwambie aiwashe, afungue ukurasa wa taarifa za kompyuta, apige picha namba nzima ya prosesa hadi herufi ya mwisho.