Nani Ameshika Mlango wa Pili?

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1998, vijana wasiopungua 350 walikusanyika kucheza muziki katika ukumbi wa jumuiya mjini Göteborg, Uswidi. Ukumbi ulikuwa ghorofani, mikononi mwa chama cha wahamiaji wa Kimakedonia, na idadi iliyoruhusiwa kuingia ilikuwa watu 150. Wengi wa vijana hao walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka nchi mbalimbali, wenye umri wa shule ya sekondari. Viti na meza zilizozidi zilikuwa zimewekwa kwenye ngazi ya mlango wa dharura ili sakafu ipate nafasi, na huko kwenye ngazi ndiko moto ulikowashwa, muda mfupi kabla ya saa sita usiku. Moshi ulipoingia ukumbini, ngazi ile ilikuwa haipitiki tena. Umati wote ukageukia mlango mmoja uliobaki, mlango mwembamba, na watu wakaangukiana hapo hadi ukaziba. Walifariki 63, na zaidi ya 200 walijeruhiwa, baadhi yao kwa kuruka madirishani. Mwaka 2000 mahakama iliwatia hatiani vijana wanne kwa kuuwasha moto huo.

Kosa la kuwasha moto ni la wale wanne, na sheria ilikwisha kulihukumu. Lakini kwa jumuiya inayokodi au kumiliki ukumbi, somo kubwa liko kwenye viti. Kila kamati ya sherehe imewahi kuhamisha viti. Vinapelekwa pale penye nafasi, na mahali penye nafasi, kwa kawaida, ni njia ambayo hakuna anayepita: ngazi ya nyuma, korido ya stoo, mlango ambao wageni hawautumii. Hoja yangu ni kwamba usalama wa moto ukumbini hauanzi na mitungi myekundu ya ukutani. Unaanza na mlango wa pili, yaani ule ambao wageni hawakuingilia, na unasimama au kuanguka kwa kutegemea kama kuna mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, aliyekabidhiwa mlango huo siku hiyo. Mlango wa kwanza unajilinda wenyewe, maana kila mtu anauona. Katika ukumbi wa burudani wa The Station, West Warwick, jimbo la Rhode Island, Februari 2003, fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani, na baada ya kama dakika moja na nusu ndani hapakukalika tena. Milango ilikuwepo zaidi ya mmoja, lakini wengi walikimbilia ule walioingilia. Watu 100 walifariki. Binadamu akishtuka hurudi alikotoka, na moshi haumpi muda wa kusoma vibao.

Hapa Uingereza wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hatumiliki kumbi. Tunakodi ukumbi wa kanisa, wa shule au wa mtaa kwa saa kadhaa, tunaharakisha kupamba, tunasherehekea, tunafagia na kurudisha funguo. Ndiyo maana jibu la kwanza la kamati nyingi zikiulizwa habari za moto ni kwamba hiyo ni kazi ya mwenye ukumbi. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Sheria ya usalama wa moto ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika England na Wales Oktoba 2006, inambebesha wajibu mtu au chombo chenye mamlaka juu ya jengo. Kwa ukumbi wa jumuiya hao mara nyingi ni wadhamini au kamati ya uendeshaji. Hao ndio wanaotakiwa kufanya tathmini ya hatari, na tangu tarehe 1 Oktoba 2023 tathmini hiyo lazima iandikwe yote, hata kama jengo halina mfanyakazi wa kuajiriwa hata mmoja. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba pale wenye mamlaka wanapokuwa zaidi ya mmoja, washirikiane na kupatanisha mipango yao. Kwa saa zile chache ambazo ukumbi uko mikononi mwetu, sisi ndio tunaoamua meza zikae wapi, pazia litundikwe wapi na waingie watu wangapi. Mwenye ukumbi yuko nyumbani kwake. Tathmini yake iliandikwa kwa ukumbi mtupu, au kwa darasa la mazoezi ya wazee Jumanne asubuhi. Haikuandikwa kwa harusi yenye jukwaa la maharusi, spika nne na jiko linalochemka.

Idadi ya watu ndiyo sehemu tunayoipuuza zaidi, na ndiyo inayohitaji hesabu badala ya makisio. Miongozo ya ujenzi ya England huanza na nafasi: watu wanaokula mezani huhesabiwa mita moja ya mraba kwa kila mmoja, na watu waliokusanyika kwenye ukumbi wa mikutano nusu mita ya mraba. Ukumbi wa mita 12 kwa 10 una mita za mraba 120, kwa hiyo mtu huona kwamba unatosha wageni 120 wa chakula. Ondoa jukwaa, meza za chakula na kona ya muziki, idadi inashuka. Kisha inakuja hesabu ya milango, ambayo ina jambo moja la busara sana ndani yake: unapohesabu, unachukulia kwamba mlango mmoja, tena ule mpana kuliko yote, umeshazibwa na moto. Iliyobaki ndiyo inayokupa idadi. Mlango wa upana wa sentimita 105 huhesabiwa kuwatosha watu 220, na wa sentimita 85 watu 110. Ukibaki huo wa sentimita 85, ukumbi wetu ni wa watu 110 hata kama viti vipo 150. Na kama mpambaji amejenga jukwaa mbele ya mlango wa pili, huo si ukumbi wa milango miwili tena. Ni chumba chenye njia moja, na chumba chenye njia moja hakitakiwi kuzidi watu 60.

Hesabu hii inagongana na namna tunavyoalika. Kadi ya mtu mmoja huja na shemeji, kadi ya wawili huja na watoto watatu, na watoto hawaandikwi popote ingawa nao wanavuta hewa ileile na wanahitaji kubebwa. Kumrudisha mgeni mlangoni kwetu ni aibu, na anayepewa kazi hiyo huwa kijana asiye na ubavu wa kumkatalia mjomba wa bwana harusi. Naelewa uzito wa jambo hili, na sidhani dawa yake ni ukali wa mlangoni. Dawa ni kuhesabu mapema: kamati iulize idadi inayoruhusiwa kabla ya kuchapa kadi, itenge nafasi za watoto waziwazi, na iache pengo la wale wasioalikwa ambao kila mtu anajua watakuja. Siku yenyewe mtu mmoja ahesabu wanaoingia kwa kile kimashine kidogo cha kubonyeza. Kamati inayojua kwamba ndani kuna watu 104 inaweza kuzungumza na mjomba kwa adabu. Isiyojua imebaki na mawili tu, kumwacha aingie au kugombana naye.

Mapambo yanastahili kuangaliwa kwa jicho hilohilo. Ukumbi wa mtaa hauna sura ya harusi, hivyo kuta hufunikwa vitambaa kutoka dari hadi sakafu, na kibao cha kijani chenye mtu anayekimbia humezwa na pazia pamoja na mlango wake. Katika harusi za Waislamu, upande wa akina mama huwekewa pazia kwa ajili ya sitara, na mara nyingi upande huo ndio wenye watoto wengi na wazee wengi. Sitara si jambo la kupuuzwa, wala sioni sababu ya kuitoa. Pazia lisimamishwe hatua chache mbele ya mlango, kwa fremu inayojitegemea, ili mtu alizunguke. Lisitundikwe juu ya mlango wenyewe. Kibao kibaki kinaonekana. Kisha kuna vitu vidogo ambavyo havimo katika mpango wa kamati yoyote: viatu vilivyorundikana kizingitini penye swala au madrasa, vigari vya watoto vilivyopangwa koridoni, masanduku ya soda. Kila kimoja ni kidogo. Katika giza la moshi, mama aliyebeba mtoto akijikwaa kwenye kigari, anayemfuata anamwangukia.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kufuli. Mlango wa nyuma ukiachwa bila kufungwa, wasiolipa kiingilio watapenya, au marafiki wa ndani watawafungulia wa nje, au watoto watatoka barabarani. Hofu hizi ni za kweli, na baadhi yetu tumetoka kwenye miji ambako nyumba bila nondo na kufuli si nyumba. Lakini gharama ya kufuli inajulikana. Stardust, ukumbi wa dansi mjini Dublin, uliungua usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 1981. Milango kadhaa ya dharura ilikuwa imefungwa au kuzibwa, na walifariki vijana 48. Familia zao zilisubiri hadi Aprili 2024 kusikia jopo likitamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria. Kwetu Afrika Mashariki, Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos liliteketea, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na nondo, wakafariki wanafunzi 67. Na hakuna haja ya kuchagua kati ya wezi na moto. Mlango wenye komeo la kusukuma, kile chuma kirefu kilichokaa usawa wa kiuno, hufunguka kutoka ndani kwa kuegemewa tu, bila ufunguo, huku kutoka nje hauingiliki. Kinachobaki ni rafiki wa ndani anayemfungulia wa nje, na huyo anazuiwa na mtu aliyeketi karibu na mlango, wala si na mnyororo.

Jikoni nitapita haraka, kwa sababu hatari yake inafahamika na kosa ni moja. Sambusa na mandazi hukaangwa kwenye mafuta mengi, na mafuta yakishika moto mkono wa kwanza hukimbilia maji. Maji yakizama chini ya mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo, yakapanuka zaidi ya mara elfu moja na kuyarusha mafuta hayo hadi darini. Zima gesi, usilisogeze karai, funika kwa blanketi la moto ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kujihatarisha, la sivyo toka na ufunge mlango. Kama ukumbi unaruhusu kukaanga, jiko liwe na mtungi wenye alama ya njano, uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, kwa sababu hewa yake ya sumu huua bila kuonekana wala kunusika. Udi nao una njia yake: chetezo kipitishwe barazani wageni wanapowasili, juu ya sinia lenye mchanga. Kukivisha kitambua-moshi mfuko wa plastiki ili kengele isilie wakati wa udi ni kumfumba macho mlinzi pekee asiyesinzia, na mfuko ule ukishawekwa hakuna anayekumbuka kuutoa.

Wapo watakaosema kwamba tumesherehekea miaka 20 na halijatokea lolote, na kwamba mlinzi wa kweli ni Mungu. Kwa la kwanza, hata Göteborg sherehe nyingi zilimalizika salama kabla ya ile moja. Miaka iliyopita haisemi lolote kuhusu mlango uliozibwa leo. Kwa la pili, imani haijamzuia mzazi yeyote miongoni mwetu kumfunga mtoto mkanda garini, na hakuna aliyemwona amepungukiwa imani kwa hilo. Pingamizi linalonigusa zaidi ni la uchovu. Kamati zetu ni za kujitolea, watu wale wale wanapika, wanapamba, wanachangisha na kuosha vyombo, na kuwaongezea kazi ni kuwaonea. Kwa sababu hiyohiyo napendekeza mtu mmoja asiye na kazi nyingine siku hiyo: asiwe mpishi, asiwe mshehereshaji, asiwe ndugu wa karibu wa maharusi. Afike mapambo yanapoanza, aisukume milango yote kwa mkono wake, ajue nani ana kiti cha magurudumu na nani atamsaidia, ajue mahali pa kukusanyikia nje na anwani kamili ya ukumbi pamoja na msimbo wa posta, maana anayepiga 999 kwa hofu mara nyingi anajua jina la ukumbi tu.

Mshehereshaji naye ampe dakika moja kabla ya dua ya ufunguzi, kwa Kiswahili, ili bibi aliyekuja kumtembelea mwanawe na asiyesoma Kiingereza aonyeshwe kwa mkono ule mlango wa pili uko wapi. Wageni wakishaondoka, msimamizi huyo wa mlango apite mara ya mwisho kuhakikisha majiko yamezimwa, spika zimechomolewa na milango ya ndani imefungwa, kwa kuwa mlango uliofungwa huuchelewesha moto unaoanza usiku. Jina lake liandikwe kwenye mkataba wa kukodi, chini ya jina la anayelipa.