Mahakama ya Juu: Mlango Usiobishwa Ovyo

Likizo ya Aprili nilimkuta baba mdogo nyumbani amenuna kama aliyefiwa. Kesi yake ya mpaka wa shamba, iliyoanza kwa hakimu nikiwa darasa la pili, ilikuwa imeanguka katika Mahakama ya Rufaa. "Nitauza ng'ombe wote wawili," akaapa, "lakini kesi hii itafika Mahakama Kuu!" Na kwa kuwa ati mimi ndiye msomi wa boma, akaniuliza njia. Sikuijua. Aibu iliyoje! Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wa Historia, naye akanipa Katiba nijisomee. Haya ndiyo niliyoyavuna.

Kwanza, tusichanganye majina. Mahakama Kuu si kuu kuliko zote. Chini wako mahakimu na makadhi. Juu yao ipo Mahakama Kuu, pamoja na zile za hadhi sawa nayo, kama ile ya Mazingira na Ardhi. Kisha huja Mahakama ya Rufaa, na kileleni Mahakama ya Juu, ambayo wengine huiita Mahakama ya Upeo. Zamani Rufaa ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari. Mahakama ya Juu ililetwa na Katiba ya 2010, ikaanza kazi mwaka 2011 chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga.

Katiba inataka majaji saba: Jaji Mkuu, naibu wake na wengine watano. Kesi husikilizwa na majaji wasiopungua watano. Hawaokotwi njiani, la hasha! Lazima mtu awe na tajriba ya miaka 15 katika sheria, ahojiwe hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, ndipo Rais amteue. Akifika miaka 70 hustaafu, apende asipende. Nyuma ya majaji wapo wengine tusiowasikia: msajili anayepokea kesi, makarani wanaotunza majalada, na watafiti wanaochambua sheria usiku na mchana.

Tunaijua zaidi mahakama hii wakati wa uchaguzi. Mshindi wa urais akishatangazwa, mlalamishi ana siku 7 tu kuwasilisha malalamiko, nao majaji wana siku 14 kuamua. Mwaka 2013 na 2022 malalamiko yalitupwa nje. Lakini tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta matokeo, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba.

Je, mwananchi wa kawaida ana nafasi? Anayo, ila milango ya rufaa ni miwili. Wa kwanza ni kesi inayohusu kufasiri au kutumia Katiba. Wa pili ni jambo lililothibitishwa kuwa na uzito kwa umma mzima, si kwa wenye kesi pekee. Mfano mzuri ni wa Desemba 2017. Wafungwa wawili walifika hapo, na mahakama ikaamua kwamba si halali sheria kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila apatikanaye na hatia ya mauaji. Uamuzi huo uliwagusa wengi waliokuwa gerezani, kwani lisemwalo na Mahakama ya Juu hufunga mahakama nyingine zote.

Likizo ya Agosti nilimweleza baba mdogo hayo yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Sasa mpaka wangu una uzito kwa umma?"

"Hapana, Baba. Una uzito kwako na kwa jirani."

Alinyamaza kitambo kirefu. Akanyanyuka, akaenda kukata nyasi za ng'ombe. Hadi leo hajawauza, na juzi nimesikia kwamba yeye na jirani wamesalimiana sokoni. Wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kusoma Katiba kumetuokolea maziwa ya chai.