Chema chajiuza, lakini nyumba ya Busia yataka kutengenezwa kwanza

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa samaki wa asubuhi ni kweli kabisa. Kwa nyumba, hasa nyumba iliyo mbali na mwenyewe, si kweli. Nyumba nzuri yaweza kukaa miaka bila mnunuzi, na ya jirani yenye mabati ya kutu ikanunuliwa haraka, kwa sababu tu mwenye nyumba hiyo aliweka mambo yake sawa kabla ya kumwita mtu kutizama.

Naandika haya kwa kuwa wapo kati yetu watu wa Pwani wenye nyumba kule mpakani. Lori likitoka bandari ya Mombasa hupita zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika Malaba au Busia. Madereva, matanboi, mawakala wa forodha na wachuuzi wamefuata njia hiyo tangu zamani. Wengine walikaa, wakaoa, wakanunua ploti, wakajenga. Leo mzee amestaafu au ametangulia mbele ya haki, na watoto walioko Kisauni na Likoni wanataka kuuza.

Tuchukue mfano. Nyumba ya vyumba vitatu iko Burumba, mjini Busia, katika eneo bunge la Matayos. Baba aliyeijenga amefariki. Wapangaji wamo ndani. Watoto watano wamekutana kwa simu, na mmoja asema: ipakwe rangi, tutafute dalali. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa maana wameanza mwisho.

Jambo la kwanza ni jina lililo kwenye hatimiliki. Ikiwa bado ni la marehemu, hakuna kati ya watoto hao mwenye uwezo wa kuuza, hata mkubwa wao. Sheria ya Mirathi ya Kenya yasema msimamizi wa mali ya marehemu hawezi kuuza ardhi wala nyumba kabla usimamizi wake haujathibitishwa na mahakama. Katika mahakama za kawaida, kati ya kupewa usimamizi na kuthibitishwa hupita kwa kawaida miezi 6. Waislamu wanaokubali mamlaka yake waweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Anayepokea arubuni kabla ya hapo amepokea deni, na mara nyingi pesa zishatumika siku mnunuzi anapozidai.

Ikiwa mwenye nyumba yu hai na ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake yahitajika kwa nyumba ya ndoa. Bila ridhaa hiyo uhamisho waweza kubatilishwa. Mwite mama mapema, msikilize, naye atie sahihi. Msingojee mnunuzi amekwisha kuketi kwa wakili.

La pili ni kujua unauza nini. Sisi wa Mombasa tumezoea jambo la ajabu kidogo: mtaani kama Majengo, mtu aweza kuwa na nyumba juu ya ardhi ya mwengine, akalipa kodi ya kiwanja, na akaiuza nyumba peke yake. Kule Busia mnunuzi hutarajia nyumba na ardhi kwa pamoja, na jambo la kwanza atakaloliuliza ni namba ya ploti. Kwa hivyo ifanyieni wenyewe "searchi" katika ofisi ya usajili wa ardhi kabla yake. Muone kama hati ina rehani ya benki au zuio la mtu. Lipeni madeni ya kodi ya ardhi ya kaunti mpate cheti. Mleteni mpima aonyeshe mawe ya mipaka, na kama ploti iko kando ya barabara kuu, hakikisheni ukuta haukuingia kwenye hifadhi ya barabara.

Kama ardhi si ya mji bali ni ya kilimo, tuseme umetoka nje ya mji ukaelekea soko la Matayos, kuna hatua nyengine: kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kufanya mapatano. Kibali kisipopatikana, mauzo hayana nguvu kisheria.

Hapa pana jambo la mpakani lenyewe. Busia ni mji wa nchi mbili, na tangu kituo cha pamoja cha mpaka kizinduliwe rasmi mwaka 2018 kuvuka kumekuwa kwepesi. Mnunuzi wako aweza kutoka upande wa Uganda, pesa mkononi. Mkaribishe, lakini ujue kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa ardhi ya kilimo mlango ni mwembamba zaidi: bodi hutakiwa kumkatalia asiye raia, isipokuwa awe na msamaha maalumu. Anayekwambia "andikisha kwa jina la shemeji yangu Mkenya, tutaelewana baadaye" anakuingiza katika kesi usiyoijua mwisho wake.

Karatasi zikikaa sawa, sasa tuingie ndani ya nyumba.

Mtu wa Busia akija kutizama nyumba huanza na dari. Yuajua mvua za huko, hasa za masika kuanzia Machi hadi Mei, na doa la manjano juu ya dari humwambia yote. Ukipaka rangi juu ya doa, mvua ya kwanza yalirudisha. Tengeneza bati linalovuja kwanza, kisha dari, kisha ukuta, na rangi iwe ya mwisho. Gonga miimo ya milango. Ikilia utupu, mchwa wameingia. Safisha mifereji ya maji ya mvua na tangi lake. Kazi hizi hazina gharama kubwa ukilinganisha na mnunuzi atakavyopunguza bei akiziona mwenyewe.

Kisha punguza vitu. Makochi ya zamani na masanduku ya marehemu hufanya chumba kionekane kidogo, na humfanya mgeni ahisi ameingia msibani. Fungua madirisha, kata nyasi, osha choo mpaka kisiwe na harufu. Wapangaji wapewe notisi kwa maandishi, au waelezwe vizuri siku za watu kuja kutizama. Mpangaji aliyekasirika huweza kufukuza wanunuzi kumi kwa neno moja.

Na aibu za nyumba zisemwe. Ikiwa lori hunguruma usiku kucha barabarani, sema. Huenda anayenunua ana lori lake na anatafuta pahali hapo hapo. Ikiwa kisima hukauka kiangazi, sema pia. Bei iliyokubaliwa baada ya ukweli hairudi mezani.

Dalali naye achaguliwe kwa macho. Sheria ya Kenya yamtaka wakala wa mali awe amesajiliwa na bodi yao, muombe cheti. Mpe nakala ya hati, hati yenyewe ibaki kwa wakili. Arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, nayo ikae kwa wakili mpaka uhamisho ukamilike.

Mwisho, hesabuni kodi kabla ya kutaja bei. Tangu Januari 2023 muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida, yaani bei ya kuuza ukiondoa gharama halali za kuipata na kuiboresha nyumba. Mwenye kuishi mwenyewe katika nyumba yake miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza husamehewa, lakini nyumba yetu ya mfano ina wapangaji, kwa hivyo msamaha huo hauigusi. Zitafuteni risiti za saruji na mabati alizoweka baba kwenye kasha. Kila risiti hupunguza faida itakayotozwa.

Wale watoto watano wakifuata mpango huu, huenda wakachukua mwaka mzima kabla ya kupaka rangi ukuta mmoja. Yaonekana ni kuchelewa. Lakini siku mnunuzi atakapokuja hatakuwa na la kuuliza ila bei, na baada ya kuuza bado watakuwa ndugu.