Je, Wajua? Vidole Viwili vya Jadotville

Anayesikia "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco kwa mara ya kwanza huuliza: hawa wapigaji ni wangapi? Ni mmoja. Gita ni moja, halina umeme, na mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi hapa Likasi mwaka 1952, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville na Bosco akiwa kijana wa miaka 22 hivi.

Kazi imegawanywa hivi. Gumba limepewa nyuzi nene, nalo linatembea bila kupumzika kama mtu anayekwenda zamu. Kidole cha shahada kinadonoa nyuzi nyembamba, na uhondo uko hapo: hakidonoi pale gumba linapokanyaga, kinajipenyeza katikati. Ubongo wa msikilizaji una tabia ya kukusanya pamoja sauti zilizokaribiana kimo, hata kama zimepigwa na vidole tofauti. Matokeo yake ni kwamba unaweza kusikia sauti ya tatu, iliyo kamili na yenye mwendo wake, ambayo hakuna kidole kilichoipiga. Mtaalamu wa muziki Gerhard Kubik alieleza jambo hilo hilo miaka ya 1960 alipochunguza amadinda, marimba ya Baganda. Kwenye amadinda, hata hivyo, wapigaji huwa watatu.

Kwa nini basi mtu mmoja ajibebeshe kazi ya kundi zima? Mimi naona jibu liko kwenye shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na migodi yake ikawavuta wanaume kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Mwanamume aliweza kuja na blanketi na nguo zake. Ngoma hakuweza kuja nazo, kwa sababu ngoma ni watu: apigaye, aitikiaye, achezaye, na mama mkwe anayekosoa pembeni. Wote hao walibaki nyumbani. Kambini jirani yako ni mtu wa kabila jingine, wimbo wenu si mmoja, na lugha mnayokutana nayo ni Kiswahili. Gita likawa kijiji kilichokunjwa kikaingia mzigoni.

Mikono nayo haikuanza kutoka sifuri. Aliyekulia karibu na likembe, kile kinanda kidogo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, alikwisha kufundishwa kwamba kidole kimoja kinauliza na kingine kinajibu. Bosco aliongezea alichokisikia kwenye santuri za Kuba. Na damu yake ilikwisha kusafiri kabla yake: alikuwa wa Bayeke, watu wa Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, ambao mwenye mji wao Msiri alitoka Unyamwezini, Tanzania ya leo, akauawa na watu wa Wabelgiji mwaka 1891.

Upweke wa mfanyakazi hauna nchi. Kaskazini mwa Bengali, huko Rangpur na Cooch Behar, kuna nyimbo ziitwazo bhawaiya, za kumlilia aliye mbali, na mwimbaji wake maarufu ni mwendesha mkokoteni wa ng'ombe. Sauti yake hukatika katikati ya neno, na wenyeji husema ni mashimo ya njia yaliyomfundisha. Abbasuddin Ahmed, aliyezaliwa Cooch Behar mwaka 1901, ndiye aliyezitia kwenye santuri zikasikika nchi nzima. Huko mkokoteni uliingia kooni. Hapa zamu iliingia kwenye gumba.

Na hili je, ulilijua? Santuri za Bosco zilitoka chini ya chapa ya Gallotone, ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Kampuni hiyo iliuza pia magita ya bei nafuu, na moja, la aina ya Gallotone Champion, lilifika Liverpool mikononi mwa kijana John Lennon. Alikuwa nalo mwaka 1957, siku alipokutana na Paul McCartney.

Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alikwenda Nairobi, akawa na kipindi redioni, na vijana wa Kenya wakamfuata kidole kwa kidole. Binamu yake Edouard Masengo naye alivuma huko. Mtafiti David Rycroft alikaa na santuri za Bosco akaandika nota za gita lake, moja moja, katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Ukizitazama karatasi zile utacheka: wino mwingi kwa vidole viwili. Mwaka 1969 Bosco alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1990.

Ukiipata "Masanga", isikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata gumba peke yake, na ya pili fuata shahada. Mara ya tatu usifuate kitu, uone nani mwingine ameingia chumbani.