Kuku kashiba, mbona hanoni?

Mafia nazi si kitu cha kutafuta. Kuanzia Kilindoni mpaka Utende unapita chini ya minazi. Ndiyo maana mfugaji wa huko akipigiwa hesabu ya gunia la chakula cha kuku lililovuka bahari kutoka Dar es Salaam, nauli juu yake, macho yanageukia nazi. Mashudu ni rahisi, kuku wanayagombania, matumbo yamejaa pomoni. Wiki ya sita kuku wa nyama bado ni kama njiwa! Mnunuzi akimnyanyua anashika manyoya.

Msomaji, usimlaumu kuku. Mashudu ya nazi, yaani makapi yanayobaki mbata ikishakamuliwa mafuta, yana protini kama asilimia 20. Si haba, maana kifaranga wa nyama anataka chakula chenye asilimia 22 hivi. Lakini protini ya kwenye hesabu siyo inayoingia mwilini. Nazi imejaa nyuzi ambazo ng'ombe na tumbo lake la kucheulia anaziweza, kuku hana kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita, na protini iliyonaswa humo inapita nazo, unakuja kuifagia bandani.

Halafu kuna laisini, kile kipande cha protini kinachojenga nyama. Nazi inayo kidogo, na hicho kidogo kuku anafaidi nusu tu au kupita kidogo. Mbata ikikaushwa kwa moto mkali ndiyo balaa zaidi, laisini inaharibika.

Na machicha ya jikoni? Hayo hata usiyaite protini. Nyingi imekwenda kwenye tui, umeshaila wewe na wali wako.

Sasa shuka ufukweni. Dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa wanaanikwa hapo hapo kisiwani. Dagaa mkavu, safi, ana protini kupita asilimia 50, na katika kila gramu 10 za laisini yake kuku anachukua zaidi ya 8. Mmea wa kushindana naye ni soya, nayo ikiliwa mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, lazima ipite motoni. Mashudu ya alizeti kutoka bara yana laisini haba na maganda tele.

Dagaa nao wana vituko vyao. Walioanikwa chini wanakuja na mchanga, unauziwa mchanga kwa bei ya samaki! Saga kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri: utauona chini. Waliotiwa chumvi nyingi usiwape vifaranga, wataharisha na wengine kufa. Kilo 1 katika kilo 10 za mchanganyiko inatosha, ukizidisha mteja atakula kuku anayenuka changu.

Mashudu usiyatupe. Vifaranga wapate kilo 1 katika kilo 10, wakubwa kilo 2. Yaliyoota ukungu fukia shimoni hata kama roho inauma, sumukuvu haina mchezo na ini la kuku.