Neno la wiki: kukaa

Watoto wetu, mtu akikuuliza, "Unakaa wapi?", usimwonyeshe kiti! Anataka kujua kwenu ni wapi. Kwa Kichina mna maneno mawili: zuò ni kukaa kitini, zhù ni kukaa Xiaobei au mtaa mwingine wa Guangzhou. Kwa Kiswahili, kukaa hubeba yote mawili.

Kiingereza nacho kina kitenzi cha zamani, "abide". Siku hizi hutumika hasa kwa maana ya kutii sheria, lakini zamani maana yake ilikuwa kubaki mahali, kuishi, kudumu. Kina ndugu yake, "abode", yaani makazi. Nasi tunasema kukaa, mkazi, makazi.

Fungueni Injili ya Yohana, sura ya 15. Yesu anajifananisha na mzabibu, na wanafunzi wake ni matawi. Katika Kigiriki, kitenzi menein kimo mara 10 kuanzia aya ya 4 hadi ya 10. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "abide" karibu kote, ila aya ya 9 ina "continue". Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, ya mwaka 1952, inatumia kukaa mwanzo hadi mwisho.

Je, hapo kukaa ni kuketi? Hapana. Tawi haliketi juu ya mti. Limeshikamana nao, na humo ndimo linamopata maji na chakula. Likikatwa, hukauka.

Hata kama nyumbani kwenu hamsomi Biblia, neno hili linawahusu. Kibali cha kukaa China kina tarehe ya mwisho. Wapo wanaokaa mwaka mmoja, wapo wanaokaa miaka 20. Lakini kukaa ndani ya lugha hakuhitaji kibali. Mtoto aliyezaliwa Guangzhou anaweza kukaa ndani ya Kiswahili cha bibi yake, mradi asikatwe nacho. Wazazi, endeleeni kuwasemesha Kiswahili hata wakiwajibu Kichina.

Zoezi la nyumbani:
1. Tunga sentensi tatu zenye kukaa, kila moja kwa maana yake.
2. Methali yasema, "Mtembea bure si sawa na mkaa bure." Muulize mzazi: huyu mkaa bure ameketi, anaishi, au amebaki tu?
3. Mpigie simu bibi au babu, umwambie unakaa wapi.