Je, Wajua? Kofia ya Mwalimu

Mwalimu Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama na Mkatoliki wa dhati, alipenda kuvaa kofia nyeupe ya kushona kwa mkono, vazi la Waislamu wa pwani. Mshonaji hutoboa vitobo vidogo vidogo na kuvizungushia uzi kimoja baada ya kingine. Kofia moja humchukua wiki, hata miezi. Ndiyo maana ikichakaa haitupwi. Hufuliwa taratibu, hutiwa wanga, kisha huvishwa faruma, kigogo cha mbao kinachoizuia isinywee. Kwangu mimi, kofia iliyotunzwa hivyo ina heshima kuliko mpya ya dukani. Ukifika Butiama, ingia Makumbusho ya Mwalimu, yaliyofunguliwa mwaka 1999, ujionee vitu alivyovitumia maishani.